Ugonjwa tunaoupanda wenyewe: barua ya wazi kwa wanaosimamia mbegu na ugani

Kwa wanaosimamia kilimo, kwa wakaguzi wa mbegu, na kwa wote wanaoamua maafisa ugani watuambie nini sisi wakulima,

Waheshimiwa,

Mimi ni mkulima wa mikunde. Nimelima maharage na kunde kwa miaka mingi, na kwa misimu kadhaa sasa nazalisha mbegu kwa ajili ya wakulima wenzangu. Nina jambo moja la kuwaeleza, nalo nitalisema mapema ili mwenye haraka asilikose. Virusi vinavyoenezwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, tunavipiga vita mahali pasipo penyewe. Tunahangaika na bomba la dawa juu ya majani, ilhali ugonjwa uliingia shambani siku ya kupanda, ukiwa ndani ya mbegu. Na usafi wa mbegu uko mikononi mwenu kuliko ulivyo mikononi mwetu.

Njooni kwanza shambani. Shamba la maharage katika wiki ya tatu, ukilitazama ukiwa umesimama, ni kijani kitupu. Piga goti. Pita mstari mmoja taratibu, mche kwa mche, na utafika kwenye mche ambao jani lake la kwanza lenye vipande vitatu limekunja kingo kwenda chini, kama mtumbwi uliofudikizwa. Ni refu na jembamba kuliko majani ya jirani zake. Kandokando ya mishipa kuna kijani kilichokolea, na katikati rangi imepauka, mabaka kwa mabaka. Geuza jani, tafuta mdudu: hakuna hata mmoja. Hakuna kidukari aliyeuambukiza mche huo. Umezaliwa nao ugonjwa.

Hiyo ndiyo batobato ya maharage. Inajulikana kwa wanasayansi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba husafiri ndani ya mbegu kumejulikana muda wote huo. Mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga, kabla ya kutoa maua, unaweza kupitisha virusi kwenye sehemu kubwa ya mbegu zake. Katika baadhi ya aina za maharage, zaidi ya nusu ya mbegu za mmea mmoja zimekutwa navyo. Na mbegu hizo kwa kawaida huwezi kuzitambua kwa macho. Zina rangi ileile, uzito uleule, zinaota vizuri. Ukizipeleka maabara kupimwa uotaji, zitafaulu.

Sasa tupige hesabu ndogo. Hekta moja ya maharage yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10 ina mimea 200,000. Tuseme mbegu moja tu katika kila 100 ina virusi. Hiyo ni mimea 2,000 yenye ugonjwa, iliyotawanyika shamba zima, mmoja katika kila eneo la mita 5 za mraba. Mtu aliyedhamiria kuliangamiza shamba langu asingeweza kuipanga vizuri zaidi. Kidukari akitokea popote na kutua popote, hahitaji kwenda mbali kukutana na mche mgonjwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kimo kwenye mfuko wa mbegu tuliobeba begani.

Naomba mnivumilie nieleze namna kidukari anavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ushauri tunaopewa unapopotoka. Kidukari mwenye mabawa anavutwa na kijani kinachoonekana dhidi ya udongo mtupu. Akishatua hajui kama mmea huo unamfaa, kwa hiyo anauonja: anachomeka mrija wake kwenye ngozi ya jani kwa sekunde chache, anavuta utomvu kidogo, anachomoa. Kama mmea haukumpendeza, anaruka kwenda wa pili na kuonja tena. Virusi vya batobato ya maharage, vya batobato ya njegere inayosafiri kwa mbegu, na vya batobato ya tango vinavyoshambulia pia mikunde mingi, vyote hunasa kwenye ncha ya mrija huo katika kuonja kumoja tu, na hushuka kwenye mmea unaofuata katika kuonja kumoja tu. Si lazima kidukari ahamie shambani kwako, wala azae humo. Mgeni mpita njia, ambaye hata hapendi maharage, anatosha kabisa.

Dawa inafanya nini hapo? Inamuua baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa, naye alikwisha onja mimea minne. Baadhi ya dawa humfanya ahangaike kabla ya kufa, aruke huku na huku akionja zaidi. Zinaua pia wadudu wanaokula vidukari. Na wako vidukari, hasa yule wa kijani wa mpichi, ambao kwa miongo mingi ya kupuliziwa wamekuwa sugu kwa makundi kadhaa ya viuatilifu. Kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto walio hai, na mtoto huyo katika muda wa wiki moja hivi anaweza kuwa mzazi. Kwa mdudu wa namna hiyo, wachache waliopona dawa wanatosha kuijaza tena sehemu yote.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Msimu mmoja nilinunua mbegu zilizothibitishwa, mfuko umefungwa, lebo imebandikwa. Lebo ilitaja uotaji, usafi, unyevu. Zikaota vizuri mno, nikafurahi. Wiki ya tatu nikaanza kuona mitumbwi iliyofudikizwa, mmoja hapa, mmoja pale. Nikamwita mtaalamu wa ugani. Alikuja, na namshukuru kwa kuja, akatazama, akasema ni vidukari, nipulizie kila wiki. Nilipulizia mara nne. Kufikia wakati wa maua robo ya shamba ilikuwa imedumaa, na maganda yalipotoka yalikuwa mafupi, yamepinda, mengine na punje mbili tu. Nilikuwa nimekusudia zao lile liwe mbegu. Sikuthubutu kumpa mtu yeyote hata kikombe kimoja. Lililonichoma zaidi kuliko hasara ni kwamba niliporudi kuuliza mbegu zile zilipimwa virusi au la, hakuna aliyeona swali langu lina maana. Shamba la mbegu lilikaguliwa kwa macho, nikajibiwa, na likapita.

Kukagua kwa macho si kazi bure, mimi mwenyewe nakagua hivyo kila wiki. Lakini mmea ulioambukizwa muda mfupi uliopita hauonyeshi kitu bado, aina nyingine huficha dalili, na mkaguzi anayepita shamba mara mbili kwa msimu jua likiwa utosini, rangi za jani zote zimeungana machoni mwake, ataona nini? Maabara ina kipimo kiitwacho Elisa, kilichotumika kwa virusi vya mimea tangu miaka ya 1970, ambacho huweza kukuta mbegu chache zenye virusi katika sampuli ya mamia. Vipo pia vipimo vya molekuli vyenye makali zaidi, na vipo vya utepe vinavyotoa jibu hapohapo shambani. Teknolojia ipo, haisubiri mvumbuzi. Kinachosubiriwa ni kanuni.

Kanuni hizo zipo kwa wengine, na zimefanya kazi. Katika bonde la Salinas, California, wakulima wa saladi walikuwa wakiteswa na batobato ya saladi, ugonjwa wenye tabia zilezile za huu wetu: unasafiri kwa mbegu, unaenezwa na vidukari kwa kuonja. Wakaweka masharti kwamba mbegu zipimwe, na katika mbegu 30,000 isipatikane hata moja yenye virusi. Wakaongeza kipindi katika mwaka ambapo zao hilo haliruhusiwi kuwa shambani, ili mnyororo ukatike. Ugonjwa uliokuwa ukifuta mashamba ukawa jambo la kudhibitika. Katika Australia Magharibi, wakulima wa lupini, ambayo ni jamaa ya mikunde yetu, walihangaishwa na virusi vya batobato ya tango vilivyokuwa ndani ya mbegu. Ikaanzishwa huduma ambapo mkulima hupeleka sampuli, hupimwa mbegu 1,000, na huambiwa asilimia yake. Ikizidi nusu ya asilimia moja, anashauriwa asizipande. Palipo na hatari kubwa zaidi, kiwango hicho hushushwa. Tazameni kilichofanyika hapo: mkulima alipewa tarakimu. Kabla ya kupanda. Kwa mbegu zake mwenyewe alizozihifadhi.

Hilo la mbegu alizozihifadhi mwenyewe nataka kulisimamia kidogo, maana nahofia barua hii isije ikatumiwa vibaya. Sehemu kubwa ya mikunde inayopandwa duniani na wakulima wadogo hutokana na mbegu wanazobakiza wenyewe au kupeana. Wako watakaosikia neno virusi na kusema: basi tuzipige marufuku. Hapana. Mbegu zilizonivunja moyo mimi zilikuwa na lebo. Kuhifadhi mbegu si kosa, na mkulima aliyefundishwa anaweza kuzalisha mbegu safi kuliko kampuni isiyopima. Anachohitaji ni maarifa machache na mlango wa maabara ulio wazi. Atenge kipande kidogo kwa ajili ya mbegu. Akipitie kila wiki tangu jani la kwanza, asubuhi au jua likielekea kuzama, akiwa amelipa jua mgongo ili rangi zionekane. Ang'oe kila mche unaotia shaka kabla ya maua, bila huruma, kwa sababu maambukizi ya kabla ya maua ndiyo yanayoingia kwenye mbegu zaidi. Kazi hii haihitaji dawa hata tone. Inahitaji mtu aliyeonyeshwa, mara moja tu, kwa mkono, mche mgonjwa unafananaje. Nimewaonyesha majirani zangu kadhaa, na baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyeupita mche wa namna hiyo bila kuung'oa.

Najua kuna kundi la pili la virusi, na uaminifu unanidai nilitaje, kwa sababu huko kanuni ni tofauti. Virusi vya kujikunja kwa majani ya maharage, na vile vya umanjano na ukaukaji wa maharage ya faba, havipiti kwenye mbegu. Kidukari huvipata kwa kunyonya muda mrefu, saa na si sekunde, lakini akishavipata anabaki navyo siku zote za uhai wake na anaweza kuvipeleka mbali. Katika Misri ya Kati, msimu wa 1991/92, virusi hivyo vya maharage ya faba viliyapitia mashamba kiasi kwamba mengi yalikosa karibu mavuno yote. Kaskazini mwa Nigeria mwaka 1975 rozeti ya karanga, ugonjwa unaodumaza mmea, ambayo nayo huletwa na kidukari mweusi wa kunde na haipiti kwenye mbegu, iliharibu takribani hekta 700,000. Kwa kundi hili, mbegu iliyopakwa dawa kabla ya kupandwa inaweza kusaidia kweli, maana mdudu anahitaji kukaa na kunyonya, na dawa iliyomo ndani ya mche inamuwahi.

Kwa hiyo ninapoomba tuache kupulizia ovyo, siombi dawa ipigwe vita. Naomba afisa ugani ajue, kabla hajafungua mdomo, ni kundi gani lililo mbele yake. Ushauri mmoja kwa makundi yote mawili unamtia mkulima wa kundi la kwanza hasara mara mbili: anapoteza zao, na anapoteza alichotumia kwa dawa. Hiyo ndiyo hali niliyopitia, na ndiyo ninayoiona kwa wenzangu kila msimu. Kutambua kundi kunahitaji sampuli ya majani kufika maabara na jibu kurudi ndani ya siku chache. Jibu likirudi baada ya mavuno halina kazi tena.

Kuna mengine ambayo hayahitaji maabara. Kupanda mapema na kwa msongamano unaofaa, ili majani yafunike udongo haraka, hupunguza vidukari wanaotua, na wakulima wa karanga wamelijua hili kwa miaka mingi. Matandazo ya mabua juu ya udongo yanafanya hivyohivyo. Ukanda wa nafaka kuzunguka shamba unasaidia kwa kundi la kwanza la virusi: kidukari anapoonja nafaka kwanza, anakuwa kama amejifuta mdomo kabla ya kufika kwenye maharage. Maotea ya msimu uliopita na magugu ya jamii ya kunde yang'olewe, kwa sababu huko virusi na vidukari hungojea msimu. Mambo haya yanafundishika kwa siku moja, tena bila gharama kubwa.

Halafu kuna suala la aina zenye kinga. Watafiti wamefanya kazi kubwa, nami nawaheshimu kwa hilo. Jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa I imeyalinda maharage dhidi ya batobato ya kawaida kwa miongo mingi. Lakini wako ndugu wa virusi hivyo, waliotambuliwa kuwa spishi yao wenyewe mwaka 1992, na ambao wameenea Afrika Mashariki na Kati. Wakiuingia mmea wenye jeni I peke yake, mmea hupambana kwa ukali hadi unajiua: mishipa inageuka myeusi, ncha inakauka, ukipasua mzizi unakuta weusi ndani. Kwa uenezaji wa mbegu hilo si baya, maana mmea uliokufa haurithishi kitu. Kwa mkulima aliyeambiwa kwamba hii ni mbegu bora, ni pigo. Anaiacha, anarudi kwenye ya zamani, na haamini tena. Dawa ya hili inajulikana: kuunganisha jeni I na jeni nyingine za kinga, kama ile iitwayo bc-3, katika mmea mmoja. Naomba basi aina mpya isiidhinishwe kwa wakulima kabla ya kujaribiwa dhidi ya virusi vilivyopo kweli katika eneo inakopelekwa, na mkulima aambiwe kinga hiyo ni ya nini na si ya nini.

Tahadhari ya mapema nayo inawezekana. Uingereza, kituo cha Rothamsted kimekuwa kikinasa vidukari kwa minara ya kufyonza hewa yenye urefu wa mita 12.2 tangu mwaka 1964, na wakulima huarifiwa wadudu wanapoanza kuruka. Siombi minara. Beseni la njano lenye maji na tone la sabuni, likiwekwa kandokando ya shamba, linanasa vidukari wenye mabawa kwa sababu wanaipenda rangi hiyo. Mimi nina mawili. Nahesabu kila asubuhi kwa kijiti, naandika kwenye daftari. Daftari langu peke yake linanisaidia mimi tu. Mabeseni mia moja katika mashamba mia moja, na mtu mmoja ofisini wa kukusanya hesabu na kutuma ujumbe kwa simu, wakulima wote wangejua lini vidukari wa kwanza wenye mabawa wamefika na shamba lipi la mbegu likaguliwe upesi.

Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa mikunde, na kila tarehe 10 Februari dunia huiadhimisha. Hotuba husifu, na husifu kwa haki, mazao haya yanayorutubisha udongo kwa bakteria wa mizizi yake na kuwapa protini watu wasiomudu nyama. Nimesikiliza hotuba hizo kwa furaha. Ila sijawahi kusikia ndani yake neno moja kuhusu virusi vilivyomo kwenye mbegu tunazohimizwa kupanda kwa wingi zaidi. Tukiongeza eneo la kilimo bila kusafisha mbegu, tunaongeza ugonjwa kwa kasi ileile.

Waheshimiwa, ombi langu la kwanza linaenea kwenye karatasi ndogo kama lebo ya mfuko. Kando ya uotaji, usafi na unyevu, ziandikwe tarakimu mbili: mbegu ngapi za fungu hili zilipimwa virusi, na ngapi zilikutwa navyo. Wekeni kiwango ambacho fungu likikizidi haliuzwi kama mbegu. Mkulima anayehifadhi mbegu zake apewe nafasi ya kupima kwa masharti hayohayo. Na pale ambapo hakuna kilichopimwa, lebo iandike sifuri, ili mkulima ajue anachonunua. Msimu ujao nitasimama tena mbele ya mifuko ya mbegu, nami nitazitafuta tarakimu hizo mbili kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Wenu,
Mkulima na mzalishaji wa mbegu za mikunde